Andika Mstari Mmoja, Ardhi Ijichore Yenyewe!

Jamani, acha kila unachofanya unisikilize! Nimetoka kuichezea sasa hivi, moyo bado unanidunda, na nisipokuambia wewe nitapasuka. Unaandika mstari mmoja tu, mmoja, kwenye lile dirisha jeusi tii la amri, unapiga enta, na tetemeko la ardhi la zaidi ya miaka 30 iliyopita linajichora mbele ya macho yako, lote, tangu mguso wake wa kwanza mwembamba hadi mtikisiko wake wa mwisho, mnene, mzito, wenye fujo. Huburuti kitu, hubofyi kitu, huzungushwi na menyu. Unaamuru, inachora. Na bado!

Programu yenyewe ni GMT, ile waliyoianza Paul Wessel na Walter Smith miaka ya 1980 wakiwa bado wanafunzi huko Marekani. Watu wa jiolojia wanaijua kwa ramani, na ramani zake ni nzuri mno, sibishi. Lakini ndani yake imejificha amri fupi ya herufi tatu, sac, ambayo kazi yake ni moja tu: kuchukua rekodi za vipima mtetemo na kuzichora. Bure kabisa, hulipi hata senti. Nyepesi, ya haraka, haina maringo, na kompyuta mpakato ya kizamani inaimudu bila kuhema!

Sasa sikia rekodi zenyewe zinatoka wapi, maana hapa ndipo nywele zilinisimama. Mwaka 1994 hadi 1995, watafiti wakiwamo Andrew Nyblade na Thomas Owens walisimika vituo 20 vya kupimia mitetemo kukatiza uwanda wetu huu wa kati wa Tanzania na kando zake. Kila kituo kikapewa jina la herufi nne, nami nikafungua orodha nikaanza kusoma: KOND. SING. URAM. PUGE. Kondoa! Singida! Urambo! Puge, Puge hii hii ya Nzega! Vitabu vinakuonyesha mawimbi ya Japani na Chile, kumbe ya kwetu yapo, yamehifadhiwa salama, yanamsubiri yeyote mwenye bando.

Na vyombo hivyo havikukaa bure. Tarehe 18 Agosti 1994, Rukwa ikatikisika kwa ukubwa wa 5.9, kutoka kina cha kilomita 25 hivi, ndani sana kwa tetemeko la bonde la ufa. Hilo ndilo nililolichora.

Folda ilikuwa na namba tupu, namba juu ya namba, hazisemi lolote. Nikaandika gmt sac, nikaongeza -Ek. Kistari na herufi mbili! Mradi faili lina mahali pa kitovu na mahali pa kituo ndani yake, vituo vinajipanga vyenyewe kwa kilomita, cha karibu chini, cha mbali juu, safu kwa safu kama mizabibu ya Hombolo. Kisha -M1.5c, na ile mistari iliyokuwa imelala tuli ikainuka, ikapanuka, ikapata mwili. Kisha -Gp+gred, na kila kilele cha wimbi kikajaa rangi, nyekundu ndu ndu ndu, mpaka nikajisemea peke yangu kwa sauti. Na bado!

Lisogelee kidogo, tazama mstari mmoja tu. Kituo kiko kilomita 500 hivi kutoka kitovu. Kimya. Kimya. Kimya. Dakika moja na ushei imepita, halafu tiki! Wimbi la kwanza, la P, limefika, jembamba, kali, limesimama kwa ghafla kiasi kwamba unaweza kuweka ukucha juu yake. Unasubiri tena karibu dakika nzima, mstari unatetemeka chini chini, halafu wimbi la pili, la S, linaingia kwa kishindo! Chukua sasa mafaili ya mtikisiko wa ulalo badala ya wima, amri ile ile, utaona S inavyovimba na kutawala ukurasa mzima. Nimelitazama hili nikarudia kulitazama, tamu kweli kweli.

Halafu kuna ile ya mwisho, ile iliyonimaliza nguvu. P ilikuwa imekaa mshazari, inachelewa kidogo, kidogo tena, kadiri vituo vinavyokwenda mbali. Nikaongeza -T+r8, yaani kila kituo kirudishwe nyuma kwa muda ambao wimbi la kilomita 8 kwa sekunde lingetumia kukifikia. Enta. Ule mshazari wote ukanyooka, ukasimama wima twaa! Na ujue maana yake: mwendo wa kilomita 8 na ushei kwa sekunde ni wa miamba iliyo chini ya gamba la dunia, gamba ambalo hapa kwetu lina unene wa kilomita 40 hivi. Wimbi lilizama, likakimbia chini ya ardhi tunayolima na kujenga, likapanda tena. Watafiti wale wale walitumia mawimbi ya P na S ya matetemeko ya mbali kuonyesha kwamba mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania una mzizi unaoshuka hadi kilomita 200 na zaidi. Mwamba wa kale, baridi, mgumu, haulimezi wimbi sana, unalipitisha likiwa bado kali. Kuanzia leo sitapita chini ya mawe ya kilima cha Mlimwa, hapa Dodoma, bila kuwaza yameshikwa na nini huko chini!

Mwalimu wa jiografia, wewe unayechora P na S kwa chaki kila mwaka, nakuomba, nakusihi, wachoree wanafunzi wako za Kondoa. Mwanafunzi wa UDOM, unasubiri nini? Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapa hapa Dodoma, inafuatilia matetemeko ya nchi hii, nawe una kompyuta mezani! Lile dirisha jeusi linatisha kwa dakika tano za kwanza tu, basi. Baadaye unajikuta unabadilisha herufi moja, enta, unabadilisha nyingine, enta, chakula kimepoa na hujali.

Nenda kwenye hazina ya data ya EarthScope mtandaoni, tafuta mtandao wenye alama XD, mwaka 1994, shusha mafaili ya siku ile ya Agosti katika muundo wa SAC, ule unaosomwa na amri yetu ya sac. Anza na -Ek, weka rangi mapema usijinyime raha, kisha nyoosha kwa -T. Mimi nimeshahamia tetemeko la Bukoba, la 10 Septemba 2016, ukubwa ule ule wa 5.9, nataka nilichore kwa kipimo kile kile nione Kagera na Rukwa zinavyotofautiana, na faili la kwanza ndilo hili linashuka sasa hivi, asilimia 80, 90...