Mduara Usiosema Kweli

Mwaka 1966, huko Seattle, Bauer na Kirby pamoja na wenzao walitangaza kanuni ya kupima nguvu ya dawa juu ya bakteria, nayo hata leo yatumika katika maabara nyingi: bakteria hupakwa juu ya agari yenye kina cha milimita 4, hulazwa juu yake visahani vya karatasi vilivyotiwa dawa, kila kimoja upana wa milimita 6, na baada ya saa 16 hadi 18 katika joto la digrii 35 hupimwa kwa rula mduara ambamo hakikuota kitu. Kwa bakteria waotao upesi kanuni hii yategemewa. Walakini mpimaji akiitumia kwa Porphyromonas gingivalis, yule ajifichaye chini ya ufizi wenye maradhi, hudanganyika asijue.

Sababu yake yafaa ifahamike. Mduara ule hauchorwi na dawa peke yake. Ni mashindano baina ya dawa inayoenea katika agari na bakteria wanaozaana, na ukingo wake hukaa pale bakteria walipowahi kuwa wengi kabla dawa haijawafikia kwa nguvu ya kuwazuia. Basi aotaye kwa siku kadhaa, madhali dawa imekwisha kuenea mbele yake, huacha mduara mpana hata kama si dhaifu.

Njia ya yakini ina taabu zaidi. Kijiti cha karatasi safi hutiwa katika mfuko wa ufizi, kikafyonza majimaji, kisha hutumbukizwa upesi katika kichupa kisicho na oksijeni, kwani hewa tuivutayo sisi ni sumu kwa kiumbe huyu. Juu ya agari yenye damu, baada ya wiki au zaidi, makundi yake hupiga weusi mithili ya mbegu za mchicha. Ndipo hutengenezwa sahani nyingi, kila moja ikichanganywa dawa maradufu ya iliyoitangulia, na katika kila moja hudondoshwa tone lenye bakteria wapatao 100,000. Baada ya saa 48 pasipo oksijeni hutafutwa sahani yenye dawa kidogo kabisa iliyobaki tupu. Hapo hapana mashindano tena, maana dawa imetangulia kuenea kote sawasawa.

Lakini bakteria wa lile tone ni wapweke, hali kinywani hukaa wameshikamana ndani ya ukoga, ambamo dawa iliyowashinda sahanini aghalabu haiwatoshi. Kwa hiyo, nikiletewa cheti cha maabara kisemacho kuwa dawa yafaa, huuliza kwanza kama ukoga umekwisha kwanguliwa.