Milia, Mkia na Mchanga

Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanaochokoa pweza miambani Msambweni na Diani hukutana na kiumbe mwembamba anayejinyonganyonga kwenye majani ya bahari, mweupe mwenye pingili nyeusi. Mgeni akimwona hupiga kelele: nyoka! Lakini nyoka wa baharini anayefika pwani yetu ni wa aina moja tu, mweusi mgongoni na manjano tumboni, mkia bapa kama kasia, na maskani yake ni bahari kuu. Huyu wa pingili ni mkunga. Wataalamu humwita Myrichthys colubrinus. Hana magamba wala meno ya sumu. Mtazame mkiani: pezi hakuna, kuna ncha ngumu tu, na kwa ncha hiyo hujichimbia mchangani kinyumenyume hadi kichwa kikatoweka.

Naupenda ufundi wa kutambua samaki warefu kwa sababu hauridhiki na umbo la jumla. Urefu na milia humdanganya kila mtu. Ukweli uko kwenye pezi, mdomo na mkia. Ndio ufundi ninaouhitaji mbele ya tangi langu la kioo hapa Ukunda, ninakofuga lochi wa jenasi ya Pangio, samaki wadogo wa vijito na vinamasi vya kusini-mashariki mwa Asia. Jirani zangu huwaita vijinyoka, wengine mikunga. Si mikunga hata kidogo. Pezi la mgongoni la mkunga ni refu, limefuata mgongo. La lochi ni fupi mno, limesogea nyuma karibu na mkia, na mkia nao una pezi lake. Mdomo wake umezungukwa na sharubu. Chini ya jicho amefichiwa mwiba mdogo ambao huusimamisha akitishwa, na kwa mwiba huo hunasa kwenye wavu. Kwa hiyo mimi humhamisha kwa kikombe. Naye huingia mchangani kwa kichwa, si kwa mkia.

Kuwatofautisha lochi wenyewe kwa wenyewe ndipo kazi inaponoga. Pangio kuhlii ni wa Java, lakini wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni ndugu yake, Pangio semicincta. Pangio oblonga hana milia, ni kahawia tupu. Pangio anguillaris ni mwembamba kuliko hao wote, na ndiye anayeniweka kitini mbele ya kioo hadi chakula cha usiku kinapoa.

Ukishamjua ni nani, ndipo unajua anataka nini. Joto si tatizo pwani. Maji ndiyo shida: visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yamejaa chokaa na pengine chumvi, ilhali lochi hawa wamezoea maji laini yenye uchachu kidogo. Masika ikifika nakinga maji ya mvua, na ya kwanza yanayoosha vumbi la mabati nayaacha yaende. Mchanga wa ufukweni unavutia kwa weupe wake, lakini umechanganyika na vipande vya matumbawe na makombe. Ukamulie ndimu, ukitoa povu, utaharibu maji. Tafuta mchanga laini wa mtoni usio na makali, maana sharubu hizo ndizo macho yao gizani.

Juu ya mchanga natandaza majani makavu ya mkungu, mti uliojaa Diani nzima. Majani huyapaka maji rangi ya chai na kuwapa lochi mahali pa kujificha. Wafuge kundi, sita au zaidi. Akiwa peke yake hujificha siku nzima. Ziba kila upenyo wa mfuniko na uuvike mdomo wa mashine ya kuchujia maji sifongo, kwa kuwa watapenya humo. Chakula wape taa zikishazimwa, kiwe kile kinachozama. Wa kwanza kutoka chini ya majani kwa kawaida ni oblonga. Wenye milia hufuata nyuma yake.