Mzigo wa Namche: Wapagazi wa Nepal Wanaubebaje?

Namche Bazaar ni mji mdogo wa Nepal, ulio kwenye kimo cha takribani mita 3,400, njiani kuelekea Everest. Una gulio la kila wiki, na barabara ya gari haifiki. Kwa miaka mingi mchele, mafuta na mabati yameingia sokoni humo mgongoni mwa watu. Watafiti wa Ubelgiji walikaa njiani siku moja kabla ya gulio wakahesabu waliopita: wanaume 545, wanawake 97 na yaki, ng'ombe wa milimani, 32 tu.

Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2005 katika jarida la Science, yanashangaza. Wastani wa mzigo wa mwanamume ulikuwa asilimia 93 ya uzito wa mwili wake. Wa mwanamke, asilimia 66. Aliyezidi wote alibeba asilimia 183. Na njia yenyewe ilikuwa ya kilomita 100 hivi, siku saba hadi tisa za kupanda na kushuka.

Wanafanyaje? Vifaa ni vitatu. Tenga liitwalo doko ni jembamba chini na pana juu, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito hukaa karibu na mabega badala ya kuning'inia kiunoni. Mkanda uitwao namlo hupita chini ya tenga ukaja kushika utosini. Mabega hayabebi kitu: uzito hushuka kupitia shingo na uti wa mgongo, na mpagazi huinama mbele ili mzigo ukae juu ya nyayo zake. Cha tatu ni fimbo fupi yenye umbo la T, tokma, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye akili kuliko vyote. Mpagazi akichoka huisimamisha nyuma yake, akaliegemeza tenga juu yake, akapumua akiwa wima. Mzigo wa kilo 60 ukiutua chini, kuuinua tena peke yako ni kazi kuliko kuubeba.

Fimbo hiyo ndiyo inayowezesha mwendo wao. Penye mwinuko mkali, aliyelemewa hutembea sekunde 15 hivi, kisha hupumzika 45. Anayemtazama atamwita mvivu, lakini ndiye anayefika.

Msomaji wa Kenya ana sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani. Mizigo ya hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haikuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Baadaye ilionekana kwamba siri yao imo katika mwendo: mwili unapoyumba kutoka hatua moja hadi nyingine, hupoteza nguvu pungufu kuliko wa mtu asiyezoea. Wapagazi wa Nepal waliwapita kwa kuokoa nguvu kwenye mizigo mizito, ila mwendo wao ulipochunguzwa, ujanja huo wa hatua haukuonekana.

Kwa hiyo msafiri wa shanta anayezunguka magulio asiige uzito wao. Shingo ya mpagazi imezoeshwa tangu utotoni, na ya msafiri haijazoea. Aige mpangilio: vizito viguse mgongo, usawa wa mabega, si chini ya shanta wala mfuko wa nje; mkanda wa kiunoni ukazwe hadi mabega yapumue. Aige pia pumziko la mara kwa mara, akitafuta ukuta au gogo la kuegemeza shanta bila kulivua. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Kinachozidi hapo, akipakie juu ya basi au ampe bodaboda atangulie nacho.