Daluga Zangu na Malkia wa Zanzibar

Zanzibar Soccer Queens, filamu ya Mkameruni Florence Ayisi, ilitoka 2007. Mimi nimeiona juzi tu, kwa laptopu ya rafiki, hapa Kaptembwa, Nakuru, stima ikipotea mara mbili. Inafuata Women Fighters, timu ya wanawake wa Zanzibar wanaocheza boli huku watu wengine wakiwaambia si heshima.

Hata hatujafika nusu, rafiki yangu akasema, "Hayo ni mambo ya Waislamu, bana." Nikanyamaza. Mamangu ni mtu wa kanisa, kila Jumapili yuko mbele, na nikiwa kidato cha pili alizitupa daluga zangu kwa shimo la choo. Hakuna sheikh aliyemtuma. Alisema nitapata miguu ya kiume na sitaolewa. (Miguu ni ileile. Kuolewa tutaona.)

Hapo ndipo nagombana na filamu hii. Inawaacha wachezaji wajisemee wenyewe, na hilo si dogo. Lakini dini imekaa mbele sana, mpaka mtu wa bara anaweza kumaliza kuitazama akijiona hana kosa. Tena nilitaka boli zaidi. Nani anapiga kona? Nani ana mguu wa kushoto? Tukiongea kuhusu wanaume tunaanzia hapo, hatuanzii kwa ruhusa.

Na kuna geti lingine mbali na la nyumbani. Zanzibar ina bendera yake, rais wake na timu yake ya taifa ya wanawake, lakini si mwanachama wa FIFA. Inacheza CECAFA, basi. Ayisi alirudi visiwani na Catalin Brylla, wakatoa Zanzibar Soccer Dreams 2016. Mwaka huohuo Starlets wetu walienda AFCON kwa mara ya kwanza, kule Kamerun. Machi 2017 CAF ikaipokea Zanzibar, Julai ikaifuta. Miezi minne! Kwa hivyo msichana wa Unguja akishawashinda baba, mume na majirani, bado AFCON ataiingia kwa jezi ya Tanzania tu. Hiyo ndiyo filamu ya tatu ninayoingoja.

Wikendi nilimpelekea mamangu ile ya kwanza. Alitazama kidogo akichambua sukuma, kisha akauliza, "Huyo anayekimbia hivyo anaitwa nani?"