Mwagizaji na Mchoraji: Nani Mwenye Historia?

Mtu amwendeapo mchoraji na kumwagiza picha ya marehemu baba yake, au ya vita, au ya kutawazwa kwa mfalme, hulipia rangi, kitambaa na kazi ya mikono. Je, fedha hiyo hununua pia haki ya kuamua jinsi jambo lilivyokuwa? Swali hili huulizwa kwa nadra, kwa sababu picha ikiisha kutundikwa ukutani hugeuka ushahidi, na watazamaji humsahau aliyeiagiza. Nchi ya Waha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma, ni mahali pafaapo kulipimia swali hilo, maana picha mashuhuri mno ya pande hizo ilichorwa kwa maelezo ya mpita njia.

Mwishoni mwa mwaka 1871 H. M. Stanley alivuka mto Malagarasi, akaingia nchi ya Waha katika safari yake ya kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Wakuu wa nchi walimtoza hongo, neno ambalo siku zile lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, wala halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Alilipa vitambaa vingi. Kisha, aliposikia kwamba mbele kuna wakuu wengine wanaomngoja, aliongoza msafara wake usiku kwa siri, akaikwepa njia kuu mpaka akatoka mipakani. Habari hizi zimo katika kitabu chake mwenyewe. Lakini picha aliyoitolea maelezo, iliyochapwa London mwaka 1872, haikuwa ya usiku ule. Ilikuwa ya Wazungu wawili wakiamkiana Ujiji, naye akaithibitisha kuwa ni sahihi kama iliyopigwa kwa kamera.

Si lazima picha ile iwe ya uongo ili iwe na upungufu. Upungufu wake umo katika uchaguzi. Usiku wa Buha ungalimwonyesha Mha katika cheo cha mwenye nchi, na mgeni katika hali ya mkwepa ushuru. Mchana wa Ujiji uliwafanya wenyeji kuwa umati wa kuzunguka mkutano wa watu wawili. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mwenye agizo ndiye achaguaye saa ya kuchorwa.

Agizo la namna nyingine lilitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Katanga, nchi ambayo si ngeni kwa Waha: hao pia walikaa chini ya Wabelgiji tangu mwaka 1916 hata 1921, kabla Buha haijakabidhiwa kwa Waingereza. Katika miji ya migodi ya Katanga, wachoraji walikuwa wakiuza picha za kutundikwa sebuleni: nguva aitwaye mamba muntu, au mfungwa akichapwa viboko mbele ya mtawala wa Kibelgiji. Wenyeji waliziita picha hizo ukumbusho, na neno hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa picha njema kwao ilikuwa ile imwamshayo mtazamaji akumbuke na kusimulia.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikutana mjini Lubumbashi na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu mzaliwa wa Ujerumani. Katika miaka ya 1973 na 1974 walipatana kuhusu kazi ambayo hakuna sebule moja ingeweza kuibeba: historia nzima ya nchi, tangu enzi za wahenga hata siku zilizokuwa hazijaja, katika picha zipatazo mia moja. Nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kila zilipoletwa, mnunuzi aliuliza na mchoraji alijibu kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo yao yakahifadhiwa. Kitabu kilichotokana nayo, Remembering the Present, kilichapwa mwaka 1996.

Ubora wa agizo hilo waonekana katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961. Lumumba amelala akiwa na jeraha ubavuni, na kwa mbali pamesimama misalaba mitatu. Mnunuzi ambaye angetaka usahihi wa kamera angaliamuru misalaba ifutwe. Fabian aliiacha, akauliza maana yake. Kwa hiyo picha hiyo haidai kuwa macho ya shahidi. Ni hukumu ya mtu aliyejihesabu kuwa mwanahistoria, naye aliweza kuitetea hukumu yake kwa maneno.

Hata hivyo sifa hiyo isipitishwe kiasi. Picha zile ziliondoka Katanga, na baadaye zikaingia katika jumba la makumbusho Amsterdam. Zilipata usalama na wasomaji, lakini zilitengwa na kuta ambazo chini yake mjukuu angemwuliza babu yake: huyu ni nani? Ukumbusho usio na watu wake ni kama barua iliyohifadhiwa vizuri katika nyumba ya jirani.

Jambo hili ni zito zaidi Kasulu na Kibondo kwa sababu ya yaliyopita huko. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo. Tangu mwaka 2015 Warundi wengi walipokewa huko, na Nduta wilayani Kibondo pia. Akimbiaye usiku hubeba mtoto kabla ya kubeba picha ya mama yake. Mtu kama huyo amwagizapo mchoraji sura ya mama huyo, hana cha kumkabidhi ila maneno: paji la uso, namna ya kufunga kitambaa, mlango aliozoea kuketi. Hapo mwagizaji ndiye shahidi, na mchoraji ndiye mwulizaji; kazi zao zimebadilishana, na kila mmoja anamtegemea mwenziwe.

Kutokana na hayo yote kipimo cha agizo jema chadhihirika. Mwagizaji mwema hutoa fedha, muda na maswali, wala hatoi hukumu mapema. Mchoraji mwema hupokea maelezo bila ya kuitoa akili yake rehani. Na picha, ikiisha kukamilika, sharti ipate mahali ambapo wenye habari zake waweza kuiona na kuibishia. Stanley alilipa ili asadikiwe. Fabian alilipa ili asimuliwe. Kazi iliyosalia kwa wenye nchi ni kuagiza picha zao wenyewe, na kuziweka nyumbani.