Ufunguo wa Arifa: Jinsi ya Kuijua Kazi Safi

Fundi wa programu akikuonyesha arifa imelia kwenye simu yake, usimsifu bado. Arifa ya kwanza hulia hata kama ufunguo wa siri wa kutuma arifa umewekwa ovyo. Muulize ufunguo wenyewe unakaa wapi.

Kwa Android, Firebase ya Google hutoa faili la JSON la akaunti ya huduma. Lifungue: utaona ufunguo wa siri unaoanza na maneno BEGIN PRIVATE KEY. Mahali pake ni kwenye seva tu. Nikilikuta ndani ya programu wanayopakua wateja, au limechanganywa na msimbo kwenye Git, kazi hiyo naikataa papo hapo, hata ikiwa na skrini za kupendeza namna gani. Atakayeuokota ufunguo huo ataweza kuwatumia wateja wako ujumbe kwa jina lako. Kulifuta faili hakusaidii, kwani historia ya Git bado inalo. Dawa ni kuubatilisha ufunguo na kutoa mwingine. (Usilichanganye na google-services.json, hilo ndani ya programu ndiko kwao.) Angalia pia mamlaka ya akaunti hiyo ya huduma: kazi yake ikiwa kutuma arifa, hifadhidata inaihusu nini? Na ukikuta ule ufunguo wa seva wa zamani wa Firebase, jua fundi amenakili mafunzo yaliyochacha. Google ilianza kuizima njia hiyo mwaka 2024.

Kwa iPhone, cheti cha kutuma arifa hudumu mwaka mmoja, kisha arifa zinanyamaza. Mimi nachagua ufunguo wa .p8: hauishi muda na unaweza kuhudumia programu zote za timu, ila hupakuliwa mara moja tu, kwa hiyo utunze vizuri. Seva huutumia kutengeneza tokeni ya kujitambulisha kwa Apple, na hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Apple haipokei tokeni iliyozidi saa moja, wala haitaki ibadilishwe kabla ya dakika 20. Mahiri huitumia tena na tena ndani ya muda huo. Mzembe hutengeneza mpya kwa kila ujumbe mpaka Apple inamkatalia.

Jaribu arifa kwa programu ya iPhone iliyotoka TestFlight. Iliyopandishwa kwa kebo kutoka Xcode kwa kawaida huongea na seva ya majaribio, si ile ya wateja.

Mwisho muulize: ufunguo ukivuja usiku huu, nani atauzima, na ataingilia wapi? Asipokujibu, usimalizie malipo.