Stelingi, Adui na Mizani: Jinsi ya Kumpima Mhusika

Kwenye vibanda vya video, kazi ya kupanga wahusika huisha mapema: kuna stelingi, kuna adui, na stelingi hafi. Darasani nako kuna njia yake ya mkato. Mwanafunzi huorodhesha sifa za mhusika (katili, mwenye tamaa, mnafiki) kisha hufunga daftari. Njia zote mbili huonyesha mhusika yuko upande gani, lakini hazisemi ana uzito kiasi gani upande huo.

Chukua ndugu wawili wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora. Mtemi Nasaba Bora ana tamaa, na Mwalimu Majisifu ana tamaa. Mtemi ni mwizi, Mwalimu ni mwizi. Orodha ya sifa ingewaweka benchi moja, ilhali mmoja amejitwalia ardhi ya watu na mwingine ameiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Msomaji mzoefu anajua kwamba hawalingani. Akiulizwa sababu, aghalabu hutaja ukubwa wa kosa. Jibu hilo lina ukweli, ila linaacha mengi nje.

Mizani iliyo bora humtazama mhusika pale alipofika njiapanda, alipokuwa na la kuchagua. Huuliza maswali manne. Alijua nini? Alikuwa na uwezo gani wa kukataa? Nani alilipa gharama ya tendo lake? Na alipopata nafasi ya kurudi nyuma, aliitumiaje? Majibu yakishapatikana, ndipo alama zitolewe, tuseme kuanzia 1 hadi 10.

Kabla ya yote, jina liwekwe kando. Shaaban Robert alipenda kuwapa wahusika majina yanayotoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Katika Adili na Nduguze (1952), ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu, na msomaji hana shaka nani atamtenda nani. Kumpa Adili alama za juu kwa sababu ya jina lake ni uvivu. Mahali pa kumpima ni usiku, anapowachapa ndugu zake waliogeuzwa manyani, kwa amri ya jini Huria, huku akibubujikwa na machozi. Ndugu hao ndio waliomtupa baharini. Mtu mwingine angeifurahia amri hiyo. Yeye anaitekeleza bila kuruhusu kisasi kimwingie moyoni. Wema wake unaonekana hapo.

Alijua nini?

Swali hili ndilo linalomwokoa Kinjeketile, na ndilo linalomtia mashakani. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969 inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mhusika huyu akipimwa kwa hesabu ya waliokufa wakiamini kwamba maji yangewakinga na risasi za Wajerumani, atazama moja kwa moja. Lakini Hussein amemgawa katika nyakati tatu. Mwanzoni anaamini kwa dhati ujumbe aliopewa na pepo Hongo. Katikati shaka inamwingia, anataka watu wangoje, lakini neno limekwisha kumtoka na halimsikilizi tena. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.

Kila wakati una uzito wake. Kosa la mwanzo ni la mtu aliyeamini, basi lisihesabiwe sawa na ulaghai. La katikati ni udhaifu wa kiongozi aliyeshindwa kuirudisha imani aliyoieneza. La mwisho lina utata, kwa kuwa sasa anajua, na bado hasemi. Kinachomwinua ni kwamba ukimya ule haumnufaishi yeye. Anaulipia kwa maisha yake, ili watesi wasipate neno la kuzimia matumaini ya watu.

Nani alilipa?

Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyochapwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa ngano za Unguja, paa ni mwongo hodari. Anamdanganya sultani kwamba bwana wake ni tajiri aliyeporwa njiani, kumbe bwana huyo, Hamdani, ni fukara anayeokota punje jaani. Anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa Hamdani jumba lake. Uongo ule haukumfukarisha mnyonge yeyote, na hatari yote aliibeba paa mwenyewe. Sungura wa ngano zetu huchekewa kwa sababu hiyohiyo anapomchezea shere Simba: aliye chini anamghilibu aliye juu.

Hamdani hakudanganya mtu. Paa aliyemtumikia mpaka akaoa binti wa sultani alipougua, Hamdani aliamuru apewe uji wa mtama, hata kwenda kumtazama hakwenda. Paa akafa, na Hamdani akajikuta tena jaani. Kwa mizani ya juujuu, mwongo yuko chini ya mkweli. Kwa mizani hii paa anapata 8 na Hamdani 3, kwani mtu huyu alikuwa na kila uwezo wa kutenda wema wa gharama ndogo kabisa, akakataa.

Swali hilohilo linambana Zakaria, baba wa Rosa katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Hakupanga kumwangamiza binti yake. Ni mlevi mwenye mkono mwepesi, anayedhani kipigo ni malezi. Nia yake inampunguzia mzigo, lakini bei inalipwa yote na mtoto. 4, wala si zaidi.

Nafasi ya kurudi

Mwana wa shujaa Fumo Liyongo ndiye kipimo kizuri cha swali la nne. Kwa masimulizi ya utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, kijana anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme iwapo atapeleleza siri ya kinachoweza kumuua baba yake. Liyongo anahisi ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anarudi Pate, anapewa sindano, kisha anafunga safari tena. Njia nzima ilikuwa nafasi ya kughairi. Ujana wake na hila za wakubwa vingemtetea kama angeua kwa papara, lakini papara haifungi safari mara mbili. Anapata 2.

Chini yake yuko Nasaba Bora. Ana utawala, hakuna anayemlazimisha, na anaowaumiza hawana pa kumshtakia. Hata kichanga alichozaa na Lowela kinaachwa kibandani kwa Amani, maskini asiyehusika. Huyo ni 1. Juu kabisa yuko Karama wa Kusadikika (1951), anayesimama mbele ya mfalme kutetea elimu ya sheria, akijua vyema kwamba Waziri Majivuno anataka kichwa chake. Alijua, angeweza kunyamaza, na gharama ilikuwa yake. 9.

Alama ya ufundi

Alama za maadili zisichanganywe na za ufundi. Bwana Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, hafiki 3 kwa maadili: anaomba kura za umma ilhali nyumbani amemfungia binti yake ndani. Kwa ufundi anafika 9, kwa sababu mwandishi anamwacha aamini kwamba analinda heshima, na anguko lake linatokana na tabia yake mwenyewe. Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, yuko upande wa haki waziwazi, ila mikasa yake inaupima zaidi ujasiri wake kuliko dhamiri yake.

Tukirudi kwenye maadili, anayegawa wasomaji kuliko wote ni Kijakazi wa Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi, mtumishi anayempenda bwana wake, Fuad, hata anapodhalilishwa naye. Wapo wanaomshusha kwa kuukumbatia ukabaila hata Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yanapobisha hodi. Utii wake unawaumiza watumishi wenzake pia, maana anawataka wavumilie kama yeye. Hata hivyo swali la kwanza na la pili yanamtetea: amekulia katika dunia moja tu, na hajawahi kuonyeshwa kwamba kukataa kunawezekana. 6 ni alama ya haki kwake hadi Mapinduzi yanapofika. Kuanzia hapo, kila ukurasa anaoendelea kumlilia Fuad unastahili kupimwa upya.